Kabla Hujatia Sahihi Kliniki ya Umoja

Mwanangu mpendwa,

Nimeupata ujumbe wako. Unasema ile kliniki ya Umoja inakutaka siku tatu kwa wiki kwa shilingi 30,000 kwa mwezi, na meneja amekwambia kuwa tabibu kama wewe, afisa wa kliniki, asiyefika kila siku hana likizo wala NSSF, ile akiba ya uzeeni. Umeniuliza kama ni kweli. Si kweli, mama, na nimeandaa mishahara ya watu kule Industrial Area, Nairobi, muda wa kutosha kulisema hilo bila kusita.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 haiwanyimi haki wanaofanya kazi siku chache. Inachotazama ni kama umeajiriwa kwa mshahara. Ukishaajiriwa, una likizo ya mwaka isiyopungua siku 21 za kazi kwa kila miezi 12. Wakitaka kuipunguza kwa uwiano wa siku zako, mimi naona ni haki, mradi idadi iandikwe kwenye mkataba. Ukiugua baada ya kutimiza miezi miwili nao, kwa mwaka una siku 7 za mshahara kamili na 7 nyingine za nusu mshahara. Likizo ya uzazi ni miezi mitatu ya mshahara kamili, na haipunguzi ile ya mwaka.

Sasa soma vizuri wanavyokuita kwenye mkataba, maana mtego uko hapo. Wakikuandika mkandarasi, yaani mtu anayejitegemea na si mwajiriwa wao, watakata 5% ya kodi ya zuio, ile inayokatwa kabla hujalipwa, na utapokea 28,500. Wakikuajiri, NSSF itachukua 6%, yaani 1,800, SHA, bima ya afya ya serikali, 2.75%, yaani 825. Ushuru wa nyumba 1.5%, yaani 450. Kisha kodi ya mapato. Mkononi mkandarasi anaonekana amepata zaidi, ndiyo maana vijana wengi wa kazi yenu hukubali haraka. Lakini mwajiri hulazimika kuongeza 1,800 nyingine kwenye NSSF yako kutoka mfukoni mwake. Mkandarasi haongezewi chochote. SHA anajilipia, tena ya mwaka mzima kwa mpigo, na wiki akiwa kitandani hana mshahara.

Wakikupangia zamu, ukafanya kazi chini ya msimamizi wao na kwa vifaa vyao, ukalipwa kila mwisho wa mwezi, Mahakama ya Ajira inaweza kukuhesabu mwajiriwa hata kama karatasi inasema vingine. Ila kesi hula miaka na nauli. Afadhali mlimalize sasa mezani.

Kinachoninyima usingizi hasa ni sindano. Wewe unajua kuliko mimi: usiku wa Jumamosi analetwa mtu aliyechanwa na chupa, unamshona, anashtuka, sindano inakudunga. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI lazima uanze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ndiyo bora. Nani atalipia vipimo? Nani atakulipa siku utakazokosa kazini? Sheria ya fidia ya majeraha ya kazini, ile mnayoiita WIBA, inamtaka mwajiri awakatie bima waajiriwa wake. Jeraha haliangalii kama unafika siku tatu au sita. Mwombe meneja akuonyeshe hiyo bima, na uulize pia kama watakulipia chanjo ya homa ya ini aina ya B ikiwa hukuimaliza chuoni. Akianza kuzungukazunguka kwa swali hilo, mimi ningeondoka.

Uliza vilevile kama bima yao inakulinda mgonjwa akikushtaki kwa kosa la tiba, na kama watachangia leseni yako ya kila mwaka.

Ushauri wangu ni huu: kazi ichukue, lakini kama mwajiriwa, hata wakishusha hadi 28,000. Kazi ya miezi mitatu au zaidi lazima iwe na mkataba wa maandishi, kwa hiyo usikubali ya mdomo. Wala usitie sahihi palepale ofisini, hata wakisema kuna wengine wanasubiri. Piga picha kila ukurasa, unitumie WhatsApp, nami na baba yako tutausoma usiku huohuo.

Mama yako