Uliza Tujibu: Vyura wa Kihansi wapo ama hawapo?

SWALI: Habari za hapo, mi niko Ifakara. Kijiweni kwetu kuna ubishi hauishi, mmoja anasema wale vyura wa Kihansi waliopandishwa ndege kwenda Marekani walirudi na wapo, mwingine kashika simu anatusomea kwamba "wametoweka porini". Sasa wametowekaje na wapo? Halafu hili la pili ndo linaniuma zaidi, tembo wanatukanyagia mpunga, tukilalamika tunaambiwa wako hatarini kutoweka, hatarini wapi wakati wanakuja kundi zima?

JIBU: Ndugu yangu, hao wawili wote wako sahihi, kama mliwekeana soda mgawane.

Akisemwa "ametoweka porini" maana yake waliobaki wanafugwa tu na binadamu, kule kwao mwenyewe hayupo. Huyu chura wanasayansi walimgundua 1996, mradi wa umeme wa Kihansi ulikuwa tayari unaendelea. Ni kadude ka njano, mkubwa kabisa hafiki sentimita 3, na hatagi mayai kama vyura wengine tunaowajua, anazaa, kitoto chake ukikiona unaweza kudhani punje ya mchele. Aliishi kwenye rasharasha za maporomoko ya Kihansi basi, kama hekta 2 hivi, viwanja vya mpira vitatu havifiki, na dunia nzima hana kwingine. Umeme ulipoanza, megawati 180, karibu asilimia 90 ya maji yakapelekwa kwenye mitambo, rasharasha ikakata. Ikabidi zifungwe bomba za kunyunyizia korongoni, na mwaka 2000 wakachukuliwa vyura 499 wakapelekwa kwenye bustani za wanyama Marekani, ndo ile safari watu walicheka sana (na mimi nilicheka, nisiwe mnafiki).

Sasa sikiliza hapa. Katikati ya 2003 makadirio ya vyura waliobaki korongoni yalikuwa zaidi ya 17,000, na ungemwambia mtu yeyote hapo kijiweni angesema aah hao wengi, waacheni. Januari 2004 wakaonekana watatu. Watatu! Kuvu wa ngozi anayeua vyura sehemu nyingi duniani alikutwa kwenye mizoga, na wakati huo makazi yenyewe yalishavurugika, baada ya hapo wakapotea kabisa na 2009 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ikawaandika wametoweka porini kwenye Orodha Nyekundu, ile orodha yake ya viumbe walio hatarini. Yaani wale 499 tuliowacheka ndo mbegu iliyobaki, na wenyewe walikufa wengi huko kabla wafugaji hawajajua taa gani na chakula gani kinawafaa. Mwaka 2010 wakarudi 100 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwisho wa 2012 wakaachiwa kama 2,000 korongoni. Ila kuwamwaga tu haitoshi kufuta lile jina, utaratibu unataka wazaliane wenyewe huko huko na ipite walau miaka 5.

Kwa hiyo Orodha Nyekundu haihesabu vichwa peke yake. Inaangalia pia eneo, mnyama aliyebanwa sehemu moja tu isiyofika kilomita za mraba 10 na pakazidi kuharibika, anawekwa "hatarini mno" hata kama leo ukipita unawakanyaga. Na inaangalia kasi ya kupungua, hapo ndo tembo wako anapoingia. Kasi inapimwa kwa miaka 10 au vizazi vitatu, inachukuliwa ile iliyo ndefu, na kizazi kimoja cha tembo ni kama miaka 25, kwa hiyo wanarudi nyuma miaka 75 hivi. Ripoti ya 2016 iliweka tembo wa Afrika nzima kama laki 4 na elfu 15, ni wengi ukilinganisha na vyura, lakini 2021 wale wa savana wakaandikwa "hatarini" kwa sababu walishapungua walau asilimia 60 ndani ya nusu karne. Wewe unaona kundi shambani, wao wanaona mteremko. Na kundi kujaa mpungani sio dalili kwamba wameongezeka, mara nyingi ni kwamba shoroba walizokuwa wanapita zimeshalimwa.

Ila maumivu yako ni ya kweli na Orodha Nyekundu hailipi mpunga wa mtu, wala sio sheria, ni tathmini tu. Wakiingia tena usiwafukuze peke yako usiku. Asubuhi piga picha shamba na nyayo, nenda ofisi ya kijiji siku hiyo hiyo, wamuite afisa wanyamapori wa wilaya aje apime kabla hujavuna mabaki, ndo uombe kifuta jasho, ile pole ya serikali kwa mazao yaliyoharibiwa. Kifuta machozi ni kingine, hicho ni cha mtu aliyeumizwa au kuuawa, usije ukajaza fomu ya mwenzio.