Mwenye nyumba ni yeye, anayekatwa ni mimi

Nimepanga chumba Chikongola, Mtwara. Kila mwezi nikinunua LUKU, umeme wa kulipia kabla, nakatwa shilingi 1,500 ya kodi ya jengo. Nyumba si yangu. Inakuwaje?

Anayedaiwa ni mwenye nyumba. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, na mita haimjui mpangaji wala mwenye mali: anayenunua umeme ndiye anayekatwa. Ilianza 1,000 kwa mwezi, mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500. Ukipitisha miezi miwili bila kununua, utakuta 3,000 inakusubiri. Tunza meseji za tokeni, na siku ya kulipa pango mwonyeshe baba mwenye nyumba, akupunguzie kwenye pango. Serikali ilisema mmalizane wenyewe. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa Dodoma. Wapangaji wanne wanaochangia mita moja hununiana mwezi mzima kwa hiyo 1,500.

Mimi ni mama lishe Mikindani. Sina karatasi yoyote ya TRA, mamlaka ya mapato. Si ndiyo kusema silipi kodi?

Unalipa, mama. Sabuni ya kuoshea masufuria ina VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 18 ndani ya bei, na vocha ya simu hivyohivyo. Samaki mbichi na mchicha havina.

Kodi ya mapato ndiyo ina kiwango chake: mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka hayatozwi. Ni mauzo hayo, si faida, na kwa siku ni kama 11,000 tu. Tuseme unauza 15,000 kila siku. Mwaka unafika 5,475,000. Bila daftari unakadiriwa 100,000. Ukiwa na kumbukumbu, ni asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4, yaani 44,250. Daftari la shule linakuokolea zaidi ya nusu!

Sina hata baiskeli. Tozo ya mafuta inanihusu nini?

Vitunguu vya sokoni vimekuja kwa lori. Ile 100 iliyoongezwa kwa kila lita Julai 2023 umeshaila.

Ushuru wa soko tunaotoa unarudi kwetu lini?

Sehemu yake ni mikopo isiyo na riba: asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarejea mwaka uliofuata. Haitolewi kwa mtu mmoja mmoja, isipokuwa mwenye ulemavu; wengine huwa ni kikundi, kwa hiyo anzeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata.