Maswali na majibu: spika za nyumba nzima

Maswali yaliyonifikia safari hii yanahusu jambo moja, yaani mfumo wa kusikiliza muziki na redio katika vyumba vyote vya nyumba, kwa hiyo nimeyajibu pamoja.

Ninajenga mtaa wa Naka, Nakuru, na kuta zimefika kwenye linta. Ninunue spika za waifai au nipitishe nyaya?

Pitisha nyaya, ndugu yangu, hata kama hujaamua utanunua spika za kampuni gani. Spika utazibadilisha baada ya miaka michache, lakini ukuta wa mawe uliokwisha kupigwa plasta hutapenda kuutindua. Mawe na zege hudhoofisha sana mawimbi ya waifai, hasa yale ya gigahatsi 5, ambayo yana kasi kuliko yale ya gigahatsi 2.4 lakini hushindwa mapema zaidi na kuta. Mwambie fundi azike paipu za plastiki kabla ya plasta, kutoka kila chumba hadi mahali pamoja penye hewa, tuseme kabati la stoo, na kila chumba kipate waya wa spika pamoja na kebo moja ya mtandao ya aina ya Cat6, ambayo hufanya kazi hadi mita 100. Nyaya hizo zisichanganywe na za umeme katika paipu moja, kwanza kwa usalama, na pili kwa sababu spika zinaweza kuanza kunguruma.

Jambo moja ulifanye mwenyewe dukani. Chukua kisu, vua ganda la waya kiasi cha sentimita mbili, kisha ukwangue uzi mmoja. Ukibaki mwekundu hadi ndani, hiyo ni shaba. Ukitoa weupe kama wa sufuria, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, ambayo hupitisha umeme kwa shida zaidi na hukatika upesi inapokunjwakunjwa. Mimi mwenyewe niliwahi kuweka waya wa namna hiyo katika nyumba moja ya Mamboleo, Kisumu, kwa kuyaamini maandishi ya boksi, na kwa kuwa sikuwa nimezika paipu, niliutindua ukuta kwa gharama yangu huku mwenye nyumba akinitazama.

Nina spika nne za Bluetooth. Nikiziwasha pamoja, muziki wa sebuleni na wa jikoni unasikika kama mwangwi. Je, ni mbovu?

Si mbovu, kila moja inafuata saa yake. Spika ya Bluetooth hupokea muziki, huufungua, kisha huutoa, na muda wa kazi hiyo hutofautiana kati ya spika moja na nyingine. Sauti husafiri hewani takriban mita 340 kwa sekunde, maana yake sentimita 34 kwa kila milisekunde, kwa hiyo spika iliyochelewa milisekunde 100 ni kama imesimamishwa mita 34 kutoka ulipo, na sikio linalitambua pengo hilo mara moja. Mifumo iliyotengenezwa kwa nyumba nzima, kama ya Sonos au ile inayotumia AirPlay 2 ya Apple iliyotoka mwaka 2018, huupeleka muziki mapema kidogo, kila spika ikauhifadhi kwa kitambo, kisha zote zikautoa kwa kufuata saa moja. Unapokwenda kununua, omba spika mbili ziunganishwe, usimame katikati yake, na uchezeshe taarifa ya habari badala ya muziki, kwa kuwa maneno hufichua ucheleweshaji upesi zaidi.

Fundi wa hapa Bungoma amesema amplifaya moja inatosha spika sita. Ni kweli?

Inategemea anavyoziunganisha. Omu ni kipimo cha jinsi spika inavyouzuia umeme, na zikipungua amplifaya hulazimika kutoa umeme mwingi zaidi. Spika moja ya omu 8 haiisumbui amplifaya. Mbili zikiunganishwa sambamba huwa omu 4, na sita hushuka hadi omu 1.3 hivi, ilhali amplifaya nyingi za nyumbani zimetengenezwa kwa omu 4 hadi 8. Itapata joto, itajizima, na siku moja haitawaka tena. Makanisa na hoteli hutumia mfumo wa volti 100, ambapo kila spika ina transfoma yake ndogo, na huo ni mfumo mzuri kwa tangazo moja la watu wote. Kwa nyumba ya kuishi ningechagua amplifaya yenye chaneli nyingi, ili watoto wasikilize yao na wazazi yao.

Kijana wangu yuko Marekani na anataka kuniletea mfumo mzima Kakamega. Utafaa?

Mshukuru, mama, kisha mwombe akutumie picha ya kibandiko cha nyuma kabla hajalipa. Kikiandikwa volti 100–240, unabadilisha plagi tu. Kikiandikwa volti 120 peke yake, umeme wetu wa volti 240 utauunguza mfumo huo, na adapta ya plagi haitakuokoa, kwa maana hubadilisha umbo la meno tu. Mvua ya alasiri inapoanza kunguruma huko kwenu, chomoa kila kitu, pamoja na waya wa antena.

Tunaishi na mama mkwe, naye hana simu janja. Ataitumiaje mitambo hii?

Hili ndilo swali lililonifurahisha zaidi, kwa sababu wauzaji hawaliulizi. Mwekee kitufe cha kuzungusha ukutani, karibu na kiti anachopenda, kinachowasha na kuongeza sauti bila programu yoyote. Halafu uunganishe redio ya kawaida ya FM, yenye antena yake, kwenye amplifaya, na usitegemee redio ya intaneti pekee. Wengi wa umri wake husubiri matangazo ya vifo ya jioni kuliko muziki wowote, na intaneti ina tabia ya kupotea saa hizo hizo. Inveta ndogo yenye betri ya kuhudumia amplifaya na redio itaufanya umeme ukikatika usimkatize katikati ya jina la marehemu.