Fundi Anajibu: Baiskeli ya zamani, niitengeneze au ninunue nyingine?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina Phoenix ya inchi 28 yenye breki za fimbo, naibebea madumu mawili ya maji kila siku. Mnyororo unaruka nikikanyaga kwa nguvu, pedali inagonga, na chini, pale bomba la siti linapoingia kwenye nyumba ya ekseli ya pedali, kuna mstari wa kutu. Fundi mmoja anataka kuuchomelea, mwingine ananiambia niuze chuma chakavu. (Msomaji, Tabora)

JIBU: Anza na huo mstari, maana vingine vyote vina spea. Kwangua rangi kwa msasa, paka mafuta ya taa, subiri kidogo, futa pakauke, kisha paka unga wa chaki. Kama ni ufa, mafuta yatachuruzika kutoka ndani na kuchora mstari mwembamba kwenye chaki. Chaki ikibaki kavu, ni kutu ya juu tu.

Ukiwa ufa, mwambie fundi wa kuchomelea kwa umeme asiuguse. Mabomba ya fremu hizi ni membamba, yamechomekwa kwenye soketi na kuungwa kwa shaba. Moto wa umeme huchanganya shaba hiyo na chuma, kiungo kinakuwa kigumu lakini chepesi kukatika, na ufa hurudi pembeni mwa alama ya kuchomelea. Kwa kilo 40 za maji, tafuta fremu ya mtumba uhamishie vifaa.

Pedali: shika mikono yote miwili ya pedali (vyuma vinavyounganisha pedali na ekseli) uitikise. Mmoja ukicheza peke yake, ni pini yake inayoubana kwenye ekseli. Ikicheza pamoja na ekseli, ni gololi, 11 za robo inchi kila upande. Pini ikitoka, angalia uso wake bapa. Ukiwa umelika na kufanya ngazi, itupe. Mpya igonge kwa nyundo huku mkono wa pedali umeegemezwa kwenye kipande cha bomba, ndipo ukaze nati. Kuivuta kwa nati kunakata nyuzi za pini. Kaza tena baada ya siku moja. Usiendelee kuendesha ikigonga, tundu la mkono litapanuka na hakuna pini itakayokaa.

Mnyororo: pima nafasi 24 za pini, yaani kutoka pini ya kwanza hadi ya 25. Mpya ni milimita 305. Ukifika 308, badilisha na friwili pia (gurudumu la meno la nyuma). Mnyororo mpya juu ya meno yaliyochongoka kama ya papa utaruka vilevile.

Fremu ikiwa nzima, tengeneza. Zile baiskeli za mauntini za bei nafuu zenye springi na gia hazifai madumu.

SWALI: Spoku za nyuma zinakatika moja moja kila wiki. Kwa nini?

JIBU: Zimelegea. Spoku iliyolegea hujikunja na kujinyoosha kila mzunguko, hadi ikatike pale kwenye kona karibu na haba (kitovu cha gurudumu). Zikikatika tatu, nyingine zimeshachoka: vua zote, weka seti mpya.