Intarapti isiyo na mwenyewe

Ndugu wa Kilindini, umesema kadi yako ya PCI (njia ya kuchomekea kadi ndani ya kompyuta) ya kusomea mizani ikishapakiwa draiva, yaani programu ya kuiendesha, keneli ya Linux, kiini cha mfumo, huandika "irq 17: nobody cared" kisha hufunga laini hiyo ya intarapti. Ujumbe huo hutoka pale intarapti (ishara za kifaa kuiita prosesa) zaidi ya 99,900 kati ya 100,000 zinapokosa draiva ya kuzikubali.

Anza na mpangilio ndani ya probe, funksheni ya draiva inayoitwa kadi inapopatikana. Nashuku kadi inawashwa intarapti kabla ya request_irq, wito wa kusajili hendla (funksheni ya kushughulikia intarapti). Laini hiyo hutumiwa na vifaa kadhaa, basi kadi yako inaita na hendla ya jirani inajibu IRQ_NONE, yaani "si yangu". Zima intarapti kwenye rejista ya kadi (sehemu yake ya kuandikia amri na kusomea hali), futa hali iliyobaki, andaa kufuli na bafa, ndipo uite request_irq kwa IRQF_SHARED, alama ya kushiriki laini. Hapo dev_id (kitambulisho cha kifaa chako) isiwe NULL, yaani tupu, la sivyo utarudishiwa -EINVAL, kosa la hoja batili. Kuwasha kadi kuje mwisho kabisa.

Ndani ya hendla, ukishafuta biti ya hali, soma rejista moja ya kadi kabla ya kutoka. Data inayoandikwa kwa kadi kupitia PCI huchelewa njiani, na usomaji huo huilazimisha ifike; laini ikiwa bado imeshikwa, hendla itaitwa tena bure.

Kuondoa: zima kadi, ita free_irq (kufuta usajili wa hendla), kisha achia kumbukumbu. Washa pia CONFIG_DEBUG_SHIRQ, chaguo la keneli la kupima hendla za laini za kushiriki. Huiita hendla kusudi wakati wa free_irq, na kumbukumbu iliyoachiwa mapema hufichuka hapo hapo.