Kabla hujanunua boksi la diski nne

Dada mmoja mwenye steshenari Mwanjelwa alikuja kwangu na bajeti ya boksi la diski nne, yaani kifaa kimoja kinachobeba diski kadhaa za kutunzia data. Alitaka kutunza picha za familia na kazi za wateja wake. Mimi narekodi video za harusi na sendofu hapa Mbeya, kwa hiyo maswali ya diski huwa yananifuata. Nilimuuliza kitu kimoja tu: nyumba ikiungua usiku huu, picha hizo ziko wapi kwingine?

Boksi la diski mbili mara nyingi huwekwa katika mpangilio wa RAID 1, yaani kila kinachoandikwa kwenye diski moja kinaandikwa papo hapo kwenye ya pili. Diski moja ikifa, kazi inaendelea. Ni faida kubwa kwa ofisi isiyotaka kusimama, lakini hiyo si bakapu, yaani nakala ya akiba iliyo kando. Mtoto akifuta folda, imefutika kwenye zote mbili. Kirusi kikifunga mafaili, kimeyafunga kwenye zote mbili. Na huku nyanda za juu, tangu Novemba mvua inapoanza, radi tunazijua: shoti ikipita kwenye adapta, diski zote zilizomo zinaweza kuondoka kwa mpigo. Mwizi naye habebi diski moja, anabeba boksi zima.

Diski nne kwa RAID 5, yaani data inagawanywa kwenye zote pamoja na taarifa za kuirudisha moja ikifa, zinavutia kwa hesabu. Nne za terabaiti 4 zinakupa nafasi ya terabaiti 12, na moja ikifa hupotezi kitu. Ila ukishaweka diski mpya, boksi linasoma zilizobaki zote mwanzo hadi mwisho ili kuijenga upya. Kwa diski kubwa hiyo ni kazi ya saa nyingi, pengine zaidi ya siku, na diski nyingine ikifa kabla haijaisha, data yote imekwenda. Ukiamua njia hiyo, nunua yupiesi kwanza, kile kifaa cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika, na uliza kama diski ni CMR, ambayo njia zake za data hazilaliani, au SMR. Za SMR njia zake za data hulaliana kama mabati ya paa, kwa hiyo kuandika upya sehemu ndogo kunailazimu diski kuandika na za jirani, na ujenzi unakwama. RAID 0, inayogawa data kwenye diski zote bila nakala yoyote, usiiguse kwa kutunza kitu: moja ikifa, yote imekwenda.

Ninachoshauri ni diski tatu za kawaida. Ya kwanza ni ya kazi. Ya pili ni ya nje, inachomekwa wakati wa kunakili tu, kisha inachomolewa kabisa, kebo na yote. Ya tatu inalala nyumba nyingine. Yangu iko Tukuyu kwa mama, kilomita kama 70, na kila nikienda kumsalimia nabadilishana: nampelekea iliyojaa kazi mpya, narudi na ya zamani. Inakaa ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu, maana huko Tukuyu, wilayani Rungwe, mvua haina mchezo. Mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, ndiye aliyeueneza utaratibu wa 3-2-1: nakala 3, kwenye vyombo vya aina 2, na 1 iwe mbali. Kwa mtu wa video, kupandisha kila kitu mtandaoni kunamaliza bando. Picha chache za thamani, sawa.

Diski ya kukaa kabatini muda mrefu isiwe SSD, ile ya chipu isiyo na sahani inayozunguka, kwani ikikosa umeme muda mrefu inaweza kupoteza data. Format, yaani mfumo wa kupanga mafaili kwenye diski, iwe exFAT, kwa sababu ule wa zamani wa FAT32 inakataa faili la kuanzia gigabaiti 4.

Halafu, jamani, fungueni hizo nakala. Chagua video moja, ichezeshe mpaka mwisho kwenye kompyuta nyingine. Na kama diski ya mbali umeifunga kwa nywila, iandike kwenye karatasi, umwonyeshe mwenzi wako ilipo. Dada wa Mwanjelwa alinunua diski tatu, na pesa iliyobaki akaongezea yupiesi.