Chuo cha kihafidhina, chuo cha kiliberali: wanamaanisha nini?

SWALI: Shikamoo anti. Nimemaliza kidato cha sita na natafuta vyuo vya kuomba Marekani, sasa kila nikisoma maoni ya wanafunzi wa kule nakuta chuo hiki wanasema ni cha kihafidhina sana, kile ni cha kiliberali mpaka basi. Wanamaanisha chama cha siasa au nini? Baba anataka niende cha kihafidhina, anasema niombe Chuo Kikuu cha Texas kule jiji la Austin kwa kuwa Texas ni jimbo la wahafidhina kwa hiyo nidhamu itakuwepo. Ni kweli?
Binti msomaji

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa kumaliza. Hapo watu wanachanganya mambo mawili, siasa za watu walioko chuoni na sheria za kuishi chuoni, na mimi naona hilo la pili ndo litakugusa zaidi, maana siasa za mwenzako wa bwenini unaweza ukazisikiliza ukaenda zako kulala lakini kanuni uliyoisaini unaishi nayo miaka minne.

Siasa nipite haraka. Mhafidhina wa Marekani mara nyingi anakipigia kura chama cha Republican, anapinga utoaji mimba, anatetea haki ya kumiliki bunduki na hapendi serikali iingilie biashara za watu. Mliberali mara nyingi yuko chama cha Democratic, anataka mwanamke aamue mwenyewe kuhusu mimba, anatetea mashoga na anataka serikali iwasaidie wasio nacho. Vyuo vikubwa vingi maprofesa wameegemea huko kwenye uliberali, ila siyo idara zote sawa, uhandisi na uchumi unakuta wamechanganyika kuliko sosholojia.

Sasa sheria. Angalia Brigham Young kule Provo, Utah, chuo cha kanisa la Wamormoni. Unasaini kanuni ya maadili kwamba hutakunywa pombe, hutavuta sigara, hakuna ngono nje ya ndoa, na hakuna kahawa wala chai, yaani chai hii hii ya majani, na wavulana hawafugi ndevu mpaka wapewe kibali. Kanuni hiyo inakufuata hata ukitoka nje ya chuo, na kila mwaka lazima kiongozi wa dini athibitishe kwamba unaiishi, hata kama wewe siyo muumini wao. Kwa mtu aliyelelewa hivyo ni raha tupu, ila kwa anayesaini ili tu apate nafasi, hapana, asijidanganye.

Liberty, kule Lynchburg, Virginia, kilichoanzishwa 1971 na mchungaji Jerry Falwell, dini na siasa zimeshikana kabisa, seneta wa Republican Ted Cruz alitangaza kugombea urais akiwa pale pale chuoni mwaka 2015. Lakini nenda Notre Dame, Indiana, chuo cha Wakatoliki, mabweni ya wavulana mbali na ya wasichana mbali, na mgeni wa jinsia nyingine siku za katikati ya wiki mwisho wake ni saa sita usiku. Ukiishia hapo utasema ni wahafidhina tu, kumbe 2009 chuo kilimwalika Obama ahutubie mahafali, maaskofu wengi wakalalamika kwa sababu ya msimamo wake kuhusu utoaji mimba, na bado alikwenda akahutubia. Sheria za kihafidhina, siasa mchanganyiko.

Upande wa uliberali kila mtu anaitaja Berkeley, chuo cha serikali kule California. Mwaka 1964 chuo kilizuia wanafunzi kuweka meza za siasa, polisi wakamkamata kijana mmoja aliyewahi kusoma pale, wanafunzi wakaizingira gari ya polisi kwa saa 32 na waliopanda juu yake kuhutubia walivua viatu kwanza wasiiharibu. Na pale hakuna wa kukuuliza kama umekunywa chai. Lakini Februari 2017 hapo hapo mhadhara wa mtu wa mrengo wa kulia ulifutwa kwa sababu ya fujo, kwa hiyo na mhafidhina naye anaweza akajikuta ananyamaza. Chuo cha serikali kinabanwa na katiba kisikuadhibu kwa maoni yako, cha binafsi kina uhuru mkubwa wa kujipangia.

Kuhusu Austin baba kapitiwa kidogo. Jimbo ni la Republican ila jiji lenyewe linawapa kura Democratic miaka na miaka, na chuoni ni hivyo hivyo. Wahafidhina utawaona kwenye sheria za bunge la jimbo, kwa mfano tangu Agosti 2016 mwenye leseni anaruhusiwa kuingia darasani na bastola aliyoificha, na tangu 2024 ofisi zilizokuwa zinashughulikia usawa na mchanganyiko wa wanafunzi zimepigwa marufuku kwenye vyuo vya serikali. Saa ya kurudi bwenini haimo humo. Kama nidhamu anayoiwaza baba ni ya wageni na saa za usiku basi Notre Dame iko karibu zaidi na moyo wake kuliko Austin, na kanuni za maadili za kila chuo ziko kwenye tovuti zao, zisomeni pamoja wewe na yeye kabla hujatuma ombi lolote.